Nani Alimwambia Saruni

Mbeke hakuja kituoni kulia. Machozi aliyamaliza kwenye mazishi ya mumewe, na asubuhi hiyo alikaa kwenye benchi la kituo cha polisi cha Kitengela akiwa amejifunga leso kiunoni, kama mtu aliyekuja kufanya kazi. Inspekta Nzomo alipomkaribisha ofisini alikataa chai. Alisema mtoto wake amepotea na anataka atafutwe.

"Amepotea tangu lini, mwaitu?" Nzomo alimuuliza, akimwita mama kwa Kikamba, kama alivyofunzwa kuwaita wanawake wa rika la mama yake.

"Hapo ndipo sijui," Mbeke alijibu. "Ningejua singekuja kwako."

Habari yenyewe aliieleza bila haraka. Mwanawe wa pekee, Muteti, aliondoka mwaka wa tisini na nane kwenda India kusomea ufamasia. Alikwenda na rafiki yake wa sekondari, Saruni, mtoto wa Mzee Parmuat wa Kajiado. Sasa ilikuwa elfu mbili na tatu. Saruni alikuwa amerudi mwaka uliopita na digrii yake. Alifika nyumbani kwa Mbeke, akanywa uji, akasema Muteti amepata kazi katika mji mwingine huko huko na atakuja akipewa likizo. Aliondoka upesi na hakuonekana tena. Kweli, simu za Muteti ziliendelea kuingia katika duka la Waweru, lenye simu ya waya. Mtoto yuko salama, anasalimia. Lakini miaka ya karibuni kila Mbeke alipoitwa, akipanda mbio kutoka upande wa machimbo ya mawe, alikuta simu imeshakatwa. Mara moja tu alikuwa dukani ananunua chumvi ilipolia, akapokonya mkono wa simu. Alisikia mtu akipumua, halafu kimya.

Kisha Lazarus, mumewe, akafa. Vumbi la mawe aliyoyakata maisha yake yote lilimkaa kifuani. Walimzika siku ya tatu, pale pale kwenye ploti, maana shamba lao la kule Mua liliuzwa Muteti alipokwenda kusoma. Kabla ya mazishi Waweru alikuwa amempa Muteti habari ya kifo kwa simu. Muteti alilia, akakata. Tangu siku hiyo simu haikulia tena.

"Mtoto wa kiume akiambiwa baba yake amekufa," Mbeke alisema, "hata kama hana nauli, atauliza baba atalazwa upande gani wa nyumba. Huyu hakuuliza. Inspekta, mimi nafikiri huyo si mtoto wangu."

Nzomo alimuuliza ni nani waliohudhuria mazishi. Mbeke aliwataja watu wa kanisa, wakata mawe, na Saruni. Huyo wa mwisho Mbeke alimsifu sana. Alifika jua likichomoza, akashika sepetu kabla ya wengine, akafukia kaburi mpaka viganja vikachubuka. Hata chakula hakuonja. Alikuwa kama mtoto wa nyumba hiyo.

"Ulimtumia habari?"

"Ningetumia na nini? Namba yake sina. Hata redio hatukutangaza, tulizika haraka."

Nzomo aliinua kalamu akaiweka chini. Alimsindikiza mama huyo hadi kwenye lango, akamuomba asimwambie mtu yeyote kwamba alifika kituoni.

*

Waweru alikuwa na duka la unga, mafuta ya taa na misumari karibu na barabara ya Namanga. Nzomo alikwenda bila sare, akaomba soda, akainywa akiwa amesimama. Alikuwa amepanga moyoni jinsi mambo yalivyokuwa: mwenye duka amezua simu zote. Sababu angeitafuta baadaye. Labda aliitaka ploti ya mjane, labda alipenda tu kuonekana mtu wa maana. Alipojitambulisha, jasho lilimtoka Waweru hadi chini ya kofia, na inspekta akaona kwamba hakukosea.

"Hizo simu, Waweru. Ni za kweli?"

"Ni za kweli, afande. Naapa kwa mama yangu."

"Na mbona jasho linakutoka?"

Waweru aliangalia nje kama mtu anayetafuta mteja wa kumwokoa. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba simu zilikuwa za kweli, lakini maneno si yote. Kijana alikuwa anasema kitu kimoja tu: mwambie mama niko salama. Basi. Sasa mama wa watu ametembea na jua, amefika na pumzi juu juu, utampa neno moja arudi nalo? Akaanza kuongeza kidogo. Alisema Muteti amenenepa. Alisema amejifunza kupika. Krismasi alisema anaimba kwaya, na mama akacheka njia nzima.

"Kwaya pia," Nzomo alisema.

"Nilikosea. Lakini afande, ungeona vile alikuwa anafurahi."

Mtu mwongo hakiri uongo wake mdogo ili kuficha mkubwa, Nzomo aliwaza; huficha yote pamoja. Tena Mbeke mwenyewe alisikia mtu akipumua. Kwa hiyo mpigaji alikuwepo. Inspekta aliiacha njia ya kwanza na kushika nyingine. Alimtaka Waweru aeleze si kilichosemwa, bali simu yenyewe ilivyosikika.

Hapo Waweru alipata nguvu, maana simu ndiyo ilikuwa fahari yake. Miaka ya kwanza, alisema, simu ya India ilikuwa taabu tupu. Unasema neno, unangoja lifike, halafu sauti yako inarudi kukugonga sikioni. Lazima upige kelele mtaa mzima usikie. Lakini sasa laini zilitengenezwa. Tangu mwaka jana sauti ilikuja safi, kama mtu anapiga kutoka Athi River.

"Mwaka jana, kabla Saruni hajarudi au baada?"

Waweru alifikiri. "Baada. Nakumbuka kwa sababu nilimwambia Mama Muteti, ona, huyu mmoja amerudi na simu nayo imepona."

"Ulisikia nini kingine? Nyuma ya sauti."

"Treni, afande. Honi ndefu, mara nyingi. Watu husema India ni nchi ya treni." Alijikuna shingoni. "Na mbuzi. Siku moja nilisikia mbuzi wengi sana. Nikasema kumbe hata huko wako na mbuzi."

Nzomo alilipa soda yake. Aliuliza swali la mwisho akiwa mlangoni: je, kifo cha Lazarus, Waweru alimwambia nani aliye nje ya Kitengela? Waweru aliapa tena kwa mama yake. Hakumwambia mtu, ila yule aliyepiga simu.

*

Treni ya magadi hupita Kajiado kwa mwendo wa mgonjwa, na hupiga honi ndefu kabla ya kukata barabara. Nzomo alisimama nje ya duka la dawa za mifugo akaisikiliza hadi ilipopotea. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha simu ya umma, kioo kimoja kimevunjika, na nyuma yake watu walikuwa wakipakia mbuzi kwenye lori.

Kwenye kiti mlangoni alikaa mzee aliyejifunga shuka nyekundu, fimbo kati ya magoti. Nzomo alimwamkia, "Sopa," naye mzee akaitikia, "Epa," akanyoosha mkono. Bila kuulizwa alisema jina lake ni Parmuat na duka ni la mtoto wake, aliyesoma India. Alisema wafugaji huja hata kutoka Namanga kumuuliza kijana huyo juu ya ng'ombe wao. Nzomo alisema ni jambo jema, akaingia ndani.

Saruni alikuwa kijana mrefu, mwembamba kupita umri wake. Alipoona kitambulisho cha polisi hakushtuka. Aliweka chini sindano aliyokuwa akiifunga, akamuonyesha mgeni chumba cha nyuma, akarudisha pazia. Nzomo alikaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe. Alianza kwa mbali: biashara, mvua, ugonjwa wa kwato. Kisha akasema amesikia sifa zake katika mazishi ya Lazarus.

"Alikuwa kama baba kwangu," Saruni alisema.

"Nani alikuambia amekufa?"

Saruni alisema ni redio. Nzomo alimwambia redio haikutangaza. Alisema basi labda ni Mama Muteti. Nzomo alimwambia mama huyo hana namba yake. Alisema alisikia kwa watu, mjini, siku ya soko.

"Mtu gani? Mtaje, nimuite hapa sasa hivi."

Nzomo hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba Kitengela yuko mwenye duka anayedhani treni ya magadi iko India. Alimwambia pia kwamba mtu mmoja tu nje ya mji ule alipewa habari ya kifo, kwa simu, akalia, na asubuhi ya mazishi Saruni akatokea na kushika sepetu.

"Muteti yuko wapi, Saruni?"

Saruni alivuta ngazi ndogo, akapanda, akasogeza maboksi ya dawa ya minyoo kwenye rafu ya juu kabisa. Alishuka na mkebe wa bati uliofungwa kwa kitambaa cheupe. Hakuuweka mezani. Aliushika kwa mikono miwili, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani.

"Yuko hapa," alisema.

Kilichofuata alikisema kwa maneno machache, macho yakiwa kwenye mkebe. Ilikuwa mwaka wa tatu, kipindi cha joto, kile ambacho hata kunguru wa huko hufungua midomo. Muteti alishikwa na homa. Walikuwa wamepanga chumba kimoja juu ya ghala la vitunguu, na mwenye nyumba aliwavumilia kwa shida. Wengine walikuwa wamewakataa kwa kuwaona tu. Siku ya pili ya homa Muteti alipandwa na maruweruwe, akatoka barabarani na chupi, akiita watu kwa Kikamba. Majirani walilalamika. Mwenye nyumba alisema mgonjwa akitoka tena, wote wawili watalala nje.

Asubuhi iliyofuata Saruni alikuwa na mtihani wa mwisho wa mwaka. Alimpa mwenzake vidonge. Alijiambia yeye ni mtu wa dawa, anajua homa. Muteti alimshika mkono akamwomba amngoje. Saruni alimwambia atarudi mara moja. Kisha akatoka, na ili mgonjwa asitoke tena, akafunga mlango kwa kufuli, kwa nje.

"Nilirudi jioni. Nilifungua kufuli lakini mlango ulikataa. Nikasukuma. Alikuwa amelala nyuma yake."

Chumba cha nyuma kilikuwa na joto na harufu ya dawa ya kupe. Nzomo alisikia fimbo ya mzee ikigongagonga sementi huko nje. Aliyafikiria yale aliyoambiwa, akaona mahali palipotoboka.

"Mtihani wa asubuhi huisha saa sita hivi. Wewe umerudi jioni. Hapo katikati ulikuwa wapi?"

Saruni alikaza fundo la kitambaa cha mkebe.

"Niliuliza ulikuwa wapi."

"Sinema," Saruni alisema. "Kulikuwa na mashine ya baridi ndani. Nilikuwa sijalala, afande, na chumba kilikuwa kinanuka. Nilisema nikae kidogo tu nipate hewa. Nikakaa mpaka picha ikaisha." Aliugeuza mkebe mikononi. "Daktari alisema kama angeletwa mchana angepona."

Mengine yalikuja yenyewe, kama maji yaliyopata tundu. Chuo kilimwachia yeye kupeleka habari nyumbani, maana alijiandikisha kama ndugu wa marehemu. Kusafirisha mwili kulishindikana, na kwa joto lile hawakumpa hata siku moja ya kungoja. Alitia sahihi, wakamchoma. Waliosimamia walimwambia majivu yamwagwe mtoni, akashindwa. Angemwambiaje mama Mkamba kwamba mtoto wake hana hata mfupa wa kuzika? Hata hivyo alikwenda kwenye kibanda cha simu, akapiga Kitengela ili aseme. Waweru aliinua simu, na kabla Saruni hajataja jina, Waweru alipiga kelele kwa furaha: Muteti, ni wewe?

"Nikasema ndio," Saruni alisema. "Neno moja tu. Nilifikiri nitamrekebisha wiki ijayo."

Alinyoosha viganja mbele. Kwenye kimoja kovu la sepetu lilikuwa bado jekundu. Alitaka afungwe pingu.

Nzomo aliwaza juu ya sheria. Kifo kilitokea nchi nyingine, na walichoweza kumshtaki nacho hapa kilikuwa kidogo mno kando ya kile alichokifanya. Alimwambia ataandikisha taarifa na wakubwa wataamua. Lakini pingu hakuzitoa.

"Ukishafungwa pingu utakuwa umepumzika," alisema. "Kwanza utakwenda Kitengela, useme kwa mdomo wako."

Mlangoni Saruni alipiga magoti mbele ya baba yake, akasema naye kwa Kimaasai kwa muda mrefu. Nzomo hakuielewa lugha hiyo vizuri, lakini aliuona uso wa mzee ukibadilika, kama moto uliomwagiwa mchanga. Parmuat hakumpiga mwanawe wala kumtukana. Alisimama, akajitanda shuka vizuri mabegani, akasema kwa Kiswahili, ili polisi aelewe, kwamba mtoto hapelekwi peke yake mbele ya mama wa mtu aliyekufa. Akawa wa kwanza kuingia kwenye gari la polisi.

*

Waliketi kwenye uwanja wa Mbeke, chini ya ukuta wa mawe ambayo Lazarus aliyakata kwa mkono. Upande wa machimbo nyundo zililia kama kawaida. Mbeke alimtazama Saruni, akautazama mkebe, na Nzomo akajua kwamba mama huyo ameshaelewa kabla ya neno la kwanza.

Saruni alisema yote. Alisema homa, mwenye nyumba, mtihani, kufuli. Alipofika kwenye mlango uliokataa kufunguka angeweza kuishia hapo, kwani hakuna aliyemuuliza zaidi. Nzomo alitazama ardhi. Hakumwonyesha kijana jicho wala ishara.

"Na kuna kingine," Saruni alisema. "Mtihani uliisha mchana. Nilienda sinema, mama. Nilijua ni mgonjwa na nilienda."

Mzee Parmuat alijifunika uso kwa shuka.

Kuku alipita katikati yao akichokora mchanga, na hakuna aliyemfukuza. Hatimaye Mbeke alinyoosha mikono, akauchukua mkebe, akaupima kwa viganja kama mtu anayepima mtoto aliyezaliwa, akauweka mapajani.

"Hakutaka kwenda," alisema. "Alitaka kukata mawe na baba yake. Mimi ndiye nilimwambia nimezaa mtu, sikuzaa nyundo. Alilia usiku ule, nikajifanya nimelala."

Saruni alianza kusema kitu juu ya msamaha. Mbeke alimzuia kwa mkono.

"Hiyo usiniombe leo. Sina." Alimgeukia Nzomo. "Sheria yako itamchukua sasa?"

Nzomo alimwambia kwamba kijana ataandikisha taarifa kituoni, lakini saa yenyewe haina haraka.

"Basi ngoja." Mbeke alijisogeza kwenye kigoda, akamkabili Saruni. "Nimeishi na maneno ya Waweru. Kwaya, kunenepa, kupika. Sijui hata kimoja kilikuwa kweli. Wewe ulikaa na yeye miaka mitatu. Anza siku mlifika."

Saruni alitazama baba yake, kisha inspekta, kama mtu aliyeombwa kitu asichokuwa nacho.

"Ilikuwa inanyesha," alisema mwishowe. "Mvua ya huko, mama, si kama yetu. Barabara ilijaa maji mpaka magotini. Muteti alikuwa amevaa suti na viatu vile vipya. Alivua viatu, akavifunga kamba, akavivaa shingoni. Akapita katikati ya barabara miguu mitupu na suti yake, na watu wote wanatucheka. Mimi nilikuwa naona haya. Yeye alikuwa anawasalimia. Kila mtu, kwa Kikamba."

"Kwa Kikamba," Mbeke alisema.

"Wakya, wakya. Mpaka mzee mmoja wa kuuza chai akamjibu. Hakuelewa, lakini alijibu. Akatupa chai, tukanywa tumesimama ndani ya maji."

Mbeke alijifunika mdomo kwa kiganja, na Nzomo hakuweza kujua kama ni kilio au kicheko. Inspekta alivuta kipande cha jiwe kilichokuwa karibu na ukuta, akakaa.

"Endelea," Mbeke alisema.